Dirisha la Kuhesabia: Modeli za Kihisabati za Usimbaji na Utambuzi wa Ishara katika Nyuroni

Mada kwa semina ya wanafunzi wa uzamili, uzamivu na wasimamizi wao

1. Istilahi kwa ufupi

Waandaaji wameniomba nianze na maana za istilahi. Wengi wenu mnazijua, hivyo nitazipitia haraka. Nyuroni hupokea mikondo midogo ya umeme; volteji ya utando wake ikifika kizingiti, hutoa mpigo mmoja, kisha hutulia kwa milisekunde moja au mbili. Lapicque aliweka msingi wa hesabu hiyo mwaka 1907. Mwaka 1926 Adrian na Zotterman walionyesha, kwa msuli wa chura, kwamba msuli ukivutwa zaidi mipigo kwa sekunde huongezeka. Hodgkin na Huxley walichapisha milinganyo yao minne mwaka 1952, kutokana na neva nene ya ngisi. Kusimba ni kuigeuza ishara kuwa mipigo. Kutambua ni kuamua, kwa kutazama mipigo peke yake, kama ishara ilikuwepo au ilikuwa kelele tu.

2. Tatizo la dirisha

Hapa ndipo ninapoomba muda wenu.

Nimesoma tasnifu nyingi za eneo hili, nikiwa msimamizi na nikiwa mtahini. Milinganyo ya Hodgkin na Huxley hutatuliwa kwa uangalifu mkubwa, kompyuta ikisogea kwa hatua ya sehemu ya mia ya milisekunde. Ukifungua ukurasa unaofuata, mipigo yote imehesabiwa katika madirisha, yaani vipande vya muda, ya milisekunde 100, wala hakuna sentensi inayosema kwa nini 100. Mwanafunzi akiulizwa hujibu kwamba programu ilikuja hivyo, au kwamba tasnifu iliyotangulia ilifanya hivyo. Nimeliandikia jambo hili kamati zaidi ya moja. Natambua kwamba miongozo ina taratibu zake na haibadilishwi kwa barua ya mtu mmoja. Hata hivyo, miaka inapita na tasnifu zinaendelea kupitishwa.

Chukueni nyuroni mbili, kwa muda wa milisekunde 100. Ya kwanza inatoa mpigo kila baada ya milisekunde 10. Ya pili inatoa mipigo mitano ndani ya milisekunde 20 za mwanzo, inanyamaza, kisha inatoa mitano mingine ndani ya 20 za mwisho. Kwa dirisha la milisekunde 100 zote mbili ni kumi, na hakuna modeli ya utambuzi itakayozitofautisha, iwe imeundwa kwa ustadi gani. Tofauti ilifutwa kabla modeli haijaanza kazi. Kwa dirisha la milisekunde 20 ya kwanza inasomeka 2, 2, 2, 2, 2; ya pili 5, 0, 0, 0, 5.

Je, seli yenyewe ina usahihi huo? Mainen na Sejnowski walilijibu swali hili mwaka 1995 kwa nyuroni za gamba la ubongo wa panya. Walipoingiza mkondo usiobadilika, nyakati za mipigo zilizidi kupishana kati ya rudio moja la jaribio na jingine. Walipoingiza mkondo unaopanda na kushuka, nyakati zilijirudia kwa usahihi wa chini ya milisekunde moja. Nasisitiza hili kwa sababu tasnifu zetu karibu zote hutumia mkondo usiobadilika, kisha huhitimisha kwamba nyakati za mipigo hazina maana.

Wala hatuhitaji kwenda mbali. Domodomo wa Ziwa Victoria ni wa jamii ya samaki watoao umeme hafifu. Samaki wa jamii hiyo hutambuana kwa umbo la mdundo wa umeme, na tofauti wanazozisoma ziko chini ya milisekunde moja. Dirisha la milisekunde 100 halina la kutuambia juu ya tofauti hizo.

Kupunguza dirisha nako kuna gharama, na wanaolitetea dirisha pana wana hoja hapa. Tukitumia dirisha la milisekunde 1 na kusoma madirisha kumi kwa pamoja, mifuatano inayowezekana ni 1,024. Marudio 50 hayawezi kuonyesha zaidi ya mifuatano 50, yaani biti 5.6 hivi. Kelele itaonekana ndogo kuliko ilivyo, na taarifa itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Panzeri na Treves walitoa njia ya kusahihisha upotofu huu mwaka 1996. Sijaona sababu ya kutoitumia. Tena, ziko kazi ambazo kuhesabu kunatosha, na msuli wa Adrian ni mojawapo. Ninachopinga ni dirisha kurithiwa bila hoja.

3. Mapendekezo

Kwanza, na hili ndilo kubwa, nyakati halisi za mipigo zihifadhiwe kwa kila rudio. Faili yenye wastani peke yake isikubaliwe kuwa data, kwa sababu wastani haurudishwi kuwa mipigo.

Pili, kila matokeo yatolewe kwa madirisha yasiyopungua matatu, na hoja ya kuchagua moja iandikwe. Hitimisho likigeuka dirisha likigeuka, hayo nayo ni matokeo na yaandikwe hivyo.

Modeli ijaribiwe kwa mkondo unaobadilika. Mkondo usiobadilika ubaki kuwa zoezi la muhula wa kwanza.

Makadirio ya taarifa yasahihishwe kwa uchache wa marudio, na idadi ya marudio itajwe palepale penye biti, si katika kiambatisho. Vilevile, modeli ya utambuzi itaje tahadhari za uongo sambamba na ishara ilizozitambua kwa usahihi.

Kelele zisisafishwe kabla ya kuchunguzwa. Mwaka 1993 Douglass na wenzake walionyesha, kwa vipokezi vya kamba wa maji baridi, kwamba kelele kiasi husaidia ishara dhaifu kuvuka kizingiti. Anayezisafisha mapema huenda anafuta sehemu ya utaratibu anaouchunguza.

Wasimamizi waulize swali la dirisha wakati wa pendekezo la utafiti, data ikiwa bado haijakusanywa. Kwenye utetezi huwa tumechelewa, na mzigo humwangukia mwanafunzi.

Mwisho, naiomba kamati husika, kwa heshima zote, iongeze mstari mmoja katika fomu ya mtahini: upana wa dirisha, sababu yake, na mahali zilipohifadhiwa nyakati za mipigo. Mstari huo ukiwa mtupu, tasnifu irudishwe.