Mitambo Juu, Mpunga Chini: Sera za Umma Zinapokutana Delta ya Rufiji



Nimeombwa nizungumzie mijadala ya sera za uchumi na jamii, hasa kwa faida ya vijana wanaojiandaa na usaili wa utumishi wa umma. Juni 2014 watu zaidi ya elfu kumi walijazana Uwanja wa Taifa kugombea nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Leo maombi yanapita mtandaoni kwa Sekretarieti ya Ajira, na mwanzoni mwa 2025 hata walimu walifanyiwa usaili kabla ya kuajiriwa, lakini msongamano ni uleule. Kijana hukesha na karatasi za maswali yaliyopita. Dira ya 2050 ilizinduliwa lini? Julai 17, 2025. Asilimia kumi ya mapato ya halmashauri hukopeshwaje? Nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Amejibu, amevuka mchujo, na simlaumu, maana ndivyo alivyoulizwa.

Wasiwasi wangu ni huyo kijana akishapangiwa kituo. Alisoma sera ya kilimo peke yake, ya misitu peke yake, ya nishati peke yake. Akifika delta ya Rufiji atazikuta zote zimeshukia kipande kimoja cha ardhi, juu ya watu walewale, kila moja ikidai lake. Kazi yake halisi itaanzia pale zinapogongana, na hapo hakuna aliyewahi kumpima.

Tuanze na mpunga. Delta ni mahali ambapo mto na bahari hugombania ardhi kila siku. Bamvua likipanda, maji ya chumvi huingia ndani ya mito midogo kilomita nyingi. Masika mto unapojaa, maji matamu huisukuma chumvi nyuma, huosha udongo, huacha tope jipya. Mkulima wa Rufiji anaishi na hesabu hiyo. Miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji ya mto ilihamia upande wa kaskazini wa delta, ardhi ya huko ikapungua chumvi, na watu wakaufuata mpunga huko, ndani ya mikoko. Wanalala kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, chini yake maji, wakilinda shamba dhidi ya ndege, nguruwe na viboko. Kaa hukata miche michanga usiku. Mtu asiyejua taabu hiyo akiona mikoko imefyekwa ataandika neno moja tu kwenye ripoti: uharibifu.

Kisheria ana hoja. Mikoko yote ya Tanzania Bara ni hifadhi ya misitu, urithi wa sheria zilizoanza enzi za Wajerumani. Ukataji ulipigwa marufuku 1987, mpango wa usimamizi ukaandaliwa 1991. Delta ya Rufiji ina takriban hekta 53,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko wote wa aina hiyo Afrika Mashariki. Kambamiti na samaki wengi hukulia humo, ufukwe hushikiliwa na mizizi yake, na siku hizi kuna hesabu ya hewa ya ukaa, ambayo Serikali iliitungia miongozo ya biashara 2022. Mimi mwenyewe nataka mikoko ibaki. Lakini vijiji vimo ndani ya msitu huo, na vizazi vya Warufiji vimezaliwa na kuzikwa humo. Mwaka 2011 amri ya kuwaondoa wakulima wa mpunga kwenye hifadhi ilizua mgogoro mkubwa, na kidonda hicho hakijapona.

Mbona hakiponi? Kwa sababu wananchi wana kumbukumbu. Novemba 1997 Baraza la Mawaziri liliukubali mradi wa kufuga kambamiti wa African Fishing Company, mradi uliotaka maelfu ya hekta za delta ileile, ilhali wataalamu wa Baraza la Taifa la Hifadhi ya Mazingira walishauri ukataliwe. Wanavijiji wakakataa, wanasheria wa mazingira wakasimama nao, shauri likafika mahakamani, waandishi wakalibeba, na mwishowe mradi haukutekelezwa. Hebu jiweke mahali pa mzee wa Salale au Mbuchi. Boriti moja bila kibali ni kosa. Shamba la mwanawe ni kosa. Mabwawa ya mwekezaji, ya ukubwa ambao hakuna mkulima aliyewahi kuuota, yalikuwa maendeleo. Baada ya hapo ofisa akija kumhubiria uhifadhi atasikilizwa kwa adabu, chai ataletewa, na hakuna atakachokubaliwa.

Sasa twende juu ya mto, kwa jambo ambalo hakuna msailiwa asiyelijua. Bwawa la Julius Nyerere: megawati 2,115, mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, mkataba na kampuni za Misri Desemba 2018, kujaza maji Desemba 2022, umeme wa kwanza Februari 2024. Ni kazi kubwa ya taifa, na nchi iliyokuwa ikikaa gizani kwa mgao ilistahili kuipata. Swali lisiloonekana kwenye karatasi za mazoezi ni la chini ya ukuta. Mitambo inataka maji yatiririke kwa kiasi kinacholingana mwaka mzima. Mpunga wa delta unataka mto upande na ushuke. Maziwa ya bondeni, kama Zumbi na Ruwe, hupata maji na samaki mto unapofurika. Kilimo cha mlau, cha mahindi na kunde bondeni maji yakishashuka, hakipo bila mafuriko. Mtu wa mjini akisikia mafuriko anafikiria maafa. Mrufiji anafikiria kwanza kiasi na wakati.

Aprili 2024 kiasi kilizidi. Mashamba na nyumba za wilaya za Rufiji na Kibiti zilizama. Wananchi wengi walilitaja bwawa. Serikali ikajibu kwamba mvua zilikuwa kubwa mno, na kwamba bila bwawa mafuriko yangekuwa mabaya zaidi. Bwawa linaweza kweli kupunguza kilele cha mafuriko. Na mkulima anaweza kweli kupoteza kila kitu kwa maji yaliyofunguliwa bila yeye kujipanga. Hoja hizi mbili haziuani. Zote zinatupeleka kwenye utaratibu wa kufungua maji: nani anaupanga, nani anaambiwa, siku ngapi kabla. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka maji ya mahitaji ya binadamu na ya mfumo ikolojia yatengwe kabla ya matumizi mengine. Kwa hiyo mkulima wa delta anapodai maji yake haombi hisani. Mafuriko madogo ya makusudi kila masika, yanayotangazwa mapema msikitini, sokoni na kwenye simu, yangegharimu umeme kidogo, na mimi naona gharama hiyo ni halali.

Rufiji imeshaona dawa inayopita kiasi. Baada ya mafuriko ya 1968 Serikali iliwahamisha watu kutoka bondeni hadi vijiji vya sehemu zilizoinuka, miaka kadhaa kabla ya Operesheni Vijiji kuenea nchi nzima. Shule na zahanati zilisogea, ni kweli. Mashamba yalibaki bondeni. Wakulima wakawa wa kuvuka mto na kurudi kwenye madungu kila msimu.

Imeona pia dawa ya mahali pengine ikigeuka ugonjwa wake. Wafugaji walipoondolewa Usangu na Ihefu 2006 na 2007 ili kuokoa mto Ruaha Mkuu, mifugo mingi ilielekezwa Pwani na Lindi. Ruaha ni tawi la Rufiji, hivyo nia ilikuwa njema kwa mto uleule. Ng'ombe wakaingia kwenye mabonde ya wakulima ambao hawakuwa wametenga njia za mifugo wala malambo, na ugomvi wa wakulima na wafugaji ukawa sehemu ya maisha ya Kibiti.

Anayepokea mizigo yote hii ni Mtendaji wa Kijiji. Mezani kwake kuna barua ya misitu, ya kilimo, ya uvuvi, ya mkurugenzi, na mlangoni yupo mama ambaye mpunga wake umeliwa na ng'ombe. Kati ya 2015 na 2017 ofisi hiyo ilikuwa ya hatari ya kifo. Wenyeviti, watendaji na askari waliuawa Kibiti na maeneo jirani. Jioni ya Aprili 13, 2017 polisi wanane waliuawa kwa pamoja. Azory Gwanda, mwandishi aliyeripoti mauaji hayo, alitoweka Novemba 21, 2017 na hajaonekana hadi leo. Sidai kwamba ugomvi wa ardhi ndio ulioleta mauaji. Nasema kwamba sera hufika kijijini kwa miguu ya watu, na watu hao walikufa. Anayefundisha utumishi wa umma bila kuwataja anawapunja wanafunzi wake.

Nina pendekezo moja kwa wanaotunga usaili. Mpeni msailiwa barua tatu: moja ya Wakala wa Huduma za Misitu ikiamuru shamba liondolewe, moja ya idara ya kilimo ikitaka uzalishaji wa mpunga uongezwe, moja ya Bodi ya Maji Bonde la Rufiji ikitoa taarifa ya maji kufunguliwa. Mwambieni aandike maneno atakayoyasema kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili cha watu, na chini yake barua ya kurudisha juu, akieleza ni agizo lipi haliwezekani kutekelezwa na kwa nini. Muda saa moja. Alama nyingi ziende kwenye barua ya kurudi juu, maana tumezoea sana ile ya kushuka.

Barua za mfano nimeziandika, nakala zipo mezani pale mlangoni. Wageni wetu waliotoka Kibiti wamekubali kubaki hadi kesho kusoma majibu yenu, wanafunzi, pamoja nami, na wao ndio watakaotoa alama.