Mfanya Kazi na Masomo ya Kukabili Maafa

(Maneno yaliyosemwa na kamati ya elimu katika mkutano wa wanachama wa tawi, Nairobi)



Tumeombwa kueleza kwa nini kamati yenu ya elimu yataka watu wazima, wenye kazi na watoto wa kulisha, washike kalamu tena na kusomea mambo ya maafa, yaani moto, mlipuko, jengo kuanguka na mafuriko. Wako waliotuuliza, "Je, hiyo si kazi ya zimamoto na serikali?" Ni kazi yao, kweli. Lakini zimamoto huja wakiitwa, na barabara za mji huu mwazijua. Wewe uko pale pale hatari inapoanza. Dakika zile za kwanza ni zako, upende usipende.

Tukumbuke Ijumaa ile ya tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipopigwa bomu hapa Nairobi. Kabla ya mlipuko mkubwa watu walisikia kishindo kidogo, na wengi waliokuwa maofisini wakaenda dirishani kutazama kuna nini. Ndipo bomu likalipuka, na vioo vikawakata nyuso na macho. Watu zaidi ya 200 walikufa Nairobi, na maelfu wakaumia. Wengi wao walikuwa watu wa kazi kama sisi, pamoja na wanafunzi waliokuwa katika jumba la Ufundi lililoanguka, na wapita njia. Neno moja tu, "Ukisikia kishindo, ondoka dirishani," lingeokoa macho ya wengi. Neno hilo halihitaji digrii. Lahitaji mtu mmoja katika kila chumba cha kazi aliyefundishwa, na ambaye wenzake humsikiliza.

Siku ile watu walionyesha moyo mkubwa. Walichimba kifusi kwa mikono mitupu, wakapakia majeruhi katika matatu na magari yao wenyewe. Hakuna wa kuwalaumu. Lakini mtu aliyesoma huduma ya kwanza hujua kwamba anayepiga kelele ana pumzi, na kwamba yampasa amwendee kwanza yule aliyenyamaza. Hujua pia kwamba mwenye kuumia shingo au mgongo havutwi mikono na kutupwa kwenye kiti cha gari, ila ikiwa moto au ukuta wamfuata. Moyo mwema tunao tayari. Ujuzi ndio tunaoutafuta.

Chukueni mfano mwingine. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, watu wakaja na mitungi kuteka, na moto ukawaua zaidi ya 100. Tarehe 12 Septemba 2011 mafuta yakavuja kutoka bomba kule Sinai, hapa mjini, na mambo yakawa yale yale. Wenye kushiba husema ilikuwa tamaa. Sisi hatukubali maneno hayo. Mtu aliyelipwa kibarua cha siku moja huona mtungi wa petroli ni karo ya mtoto. Asichoambiwa ni kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kufuata mitaro, hata ukafika kwenye jiko la mtu asiyeona mafuta yoyote. Angeyajua haya mapema kutoka kwa jirani anayemwamini, huenda angemshika mtoto wake mkono akakimbia.

Sasa masomo yenyewe. Walimu wa kazi hii huigawa mara nne: kupunguza hatari kabla haijatokea, kujitayarisha, kuokoa watu inapotokea, na kurudisha maisha katika hali yake baadaye. Watu wengi hudhani yote ni hiyo ya tatu, ya king'ora na kofia ya chuma. La kwanza ndilo lenye faida kubwa, nalo halina sifa, maana hakuna anayempigia makofi mtu aliyeondoa maboksi mlangoni.

Liko pia somo la uongozi. Baada ya mioto mikubwa ya California mwaka 1970, wazimaji waliona kwamba vikosi vingi vilikuja lakini kila kimoja kilikuwa na amri yake, hawakusikilizana. Wakatunga utaratibu wa mkubwa mmoja mahali pa hatari, na kila kiongozi kuwa na watu watatu hadi saba, watano wakiwa ndio wema zaidi. Msimamizi yeyote wa zamu aweza kuanza kufanya hivyo kesho.

Mwenye kutaka kwenda mbali, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, hufundisha elimu ya maafa hata kufikia digrii. Mwenye kuanza, Msalaba Mwekundu na St John Ambulance hufundisha huduma ya kwanza kwa siku chache tu. Hatutawadanganya kwamba ni rahisi. Ukitoka zamu ya usiku, kitabu hukulaza kabla ya ukurasa wa pili. Basi someni wanne au watano pamoja, na anayejua Kiingereza awaelezee wenzake kwa Kiswahili. Mtu mzima hashindani na kijana kwa kukariri. Nguvu yake ni kwamba amekwisha kuona. Mkisoma habari za moto wa umeme, nendeni mkautazame ubao wa swichi wa kiwanda chenu.

Kuhusu tajiri: wako wanaopeleka kwenye mafunzo wakubwa wa ofisi tu, ambao moto ukiwaka huwa mkutanoni kwingine, kisha cheti hutundikwa ukutani ili mkaguzi akione. Jambo hili ni lazima tuligombee. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, yenye wajumbe wa wafanya kazi ndani yake. Yakataza milango ya kutokea kufungwa hata isiweze kufunguliwa upesi kutoka ndani wakati watu wamo. Na kanuni za moto za mwaka huo huo zataka zoezi la kutoka lifanywe walau mara moja kila miezi 12. Wangapi hapa wamefanya zoezi hilo?

Akisema hana fedha, mkumbusheni kwamba kwa kila mfanya kazi yeye hulipa shilingi 50 kwa mwezi katika mfuko wa mafunzo ya viwandani, ulio chini ya NITA. Hazikatwi katika mshahara wako. Akiwapeleka watu kwenye mafunzo yaliyokubaliwa, aweza kuomba arudishiwe gharama. Asipowapeleka, fedha zake zimekwenda bure. Tumeitaka halmashauri ya tawi itie katika madai ya mapatano yajayo siku za masomo zenye malipo, kwa wajumbe wa usalama waliochaguliwa nanyi wenyewe.

Anayetaka kuandikwa na amwone mwandishi wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi. Aje na daftari, na ndani yake awe ameandika mahali pake pa kazi pana milango mingapi ya kutokea, na mingapi kati yake hufunguka.