GARI KUUKUU NA MFUKO WA MFANYA KAZI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi, Kwa Vonza)



Kamati imetuomba tueleze habari za gari letu, ile pikapu ya dizeli mnayoijua. Wengi wenu mmelisukuma gari hilo kwa mikono yenu, tena asubuhi na mapema, na kwa hiyo mna haki ya kusikia kila kitu. Hatukuja kujisifu. Tumekuja kuwaambia makosa tuliyoyafanya, ili atakayenunua gari kesho asiyarudie.

Sisi tu watu sita: walinzi wawili, mpishi mmoja, karani mmoja, na wawili wa kazi za bustani. Tulikopa katika chama chetu cha akiba na mikopo, kila mtu akadhaminiwa na mwenzake, tukanunua gari lililokwisha kupita katika mikono ya watu wengi. Nia yetu ilikuwa kufika kazini zamu ya alfajiri bila kutembea gizani, kuchukua maji wakati wa kiangazi, na kupeleka ndengu zetu sokoni Kitui. Aina ya gari hatuitaji, kwa sababu aliyelitengeneza hakutukosea. Waliotukosea ni waliolitumia bila kulitunza, na baadaye sisi wenyewe.

Mtu asidhani kuwa gari kuukuu ni kitu cha aibu. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda mbio za Safari Rally kwa Peugeot 504, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa gari la jina hilo hilo. Pikapu za 504 zilifanya kazi katika barabara za Ukambani miaka mingi baada ya hapo. Lakini kumbukeni kwamba nyuma ya kila dereva wa Safari walikuwako mafundi waliongoja njiani, spana mkononi. Gari halidumu kwa jina lake. Ladumu kwa kutunzwa.

Neno la kwanza ni karatasi. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, someni namba ya chesisi na namba ya injini iliyogongwa katika chuma, mzilinganishe na zilizoandikwa katika logibuku. Tafuteni habari za gari katika mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, mjue mwenye gari ni nani na kama lina deni la benki. Mkiisha kununua, lihamishwe jina mara moja. Bima ya kumlinda mtu wa tatu ni ya lazima kwa sheria; gari lisiguse barabara bila hiyo. Sisi tulifanya haya, na ndilo jambo pekee tulilolifanya sawa siku ya kwanza.

Neno la pili ni daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Tulinunua gari ambalo hakuna aliyejua oili yake ilibadilishwa lini, wala mkanda wake wa ndani una umri gani. Basi shikeni kanuni hii: jambo lisilojulikana, lihesabuni kuwa halikufanywa. Badilisheni oili na filta yake, filta ya hewa, filta ya dizeli na mafuta ya breki, kisha andikeni tarehe na kilomita. Injini yenye mkanda wa mpira wa kuzungusha valvu ichunguzwe upesi, kwa maana mkanda huo ukikatika, katika injini nyingi pistoni hugonga valvu, na gharama yake yaweza kumeza thamani ya gari zima.

Sasa tuwaambie kosa letu la kwanza. Juma la kwanza gari halikuwaka asubuhi. Stata ililia kidogo ikanyamaza. Mmoja wetu akasema, ni betri. Wa pili akasema, ni alteneta. Wa tatu akasema, ni stata yenyewe. Tulibishana mpaka saa moja, kisha aliyekuwa na sauti kubwa akashinda. Tukanunua alteneta kwa shilingi 9,000 zilizokuwa za karo ya mtoto wa mmoja wetu. Tukaifunga Jumapili. Jumatatu gari halikuwaka.

Ndipo tulipomwita fundi wa jua kali. Alikuja na mita ndogo ya umeme. Aliweka waya mmoja wa mita katika betri na mwingine katika mwili wa gari, akatuambia tuzungushe stata, akatazama. Kisha akafuata waya wa ethi, ule utokao betri kwenda kwenye mwili na injini, akakuta bolti yake imeliwa na kutu. Alikwangua kutu kwa msasa, akakaza nati, gari likawaka. Alituambia, “Ninyi mlinunua jibu kabla ya kuuliza swali.”

Ndugu zetu, neno hilo lilitugharimu shilingi 9,000. Ninyi twawapa bure. Betri ya gari dogo iliyojaa na kupumzika huonyesha karibu volti 12.6. Injini ikinguruma, mita yapasa kuonyesha karibu volti 14. Ikibaki 12, hapo alteneta au nyaya zake hazichaji. Unga mweupe au wa kijani juu ya vichwa vya betri huoshwa kwa maji ya moto na magadi kidogo, huku vifuniko vya betri vimefungwa. Mnapofungua, anzeni na waya wa hasi. Mnapofunga, uwe wa mwisho. Jaribuni kwanza mambo yasiyo na gharama: waya uliolegea, fyuzi, kutu. Tena badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha mjaribu. Mkibadilisha vitatu pamoja na gari likapona, hamtajua ni kipi kilichoponya.

Kosa la pili lilitutia aibu zaidi. Tulikuwa tumembeba mama wa mwenzetu kumpeleka hospitali mjini Kitui. Tulipokuwa hatujafika mto Tiva, sindano ya joto ilipanda mpaka mwisho, mvuke ukatoka chini ya boneti. Mwenzetu mmoja, kwa haraka, akafungua kifuniko cha rejeta. Maji yaliruka yakamchoma mkono mpaka kwenye kiwiko. Mama mgonjwa alikaa chini ya mti kando ya barabara mpaka matatu ikapita ikamchukua, na aliyeungua akapanda matatu hiyo hiyo. Alhamdulillahi, wote wawili walipona, lakini mama yule hajapanda gari letu tena, na hatumlaumu.

Sikilizeni sababu yake. Maji ya rejeta yamefungwa kwa nguvu, na maji yaliyofungwa hivyo hupata joto kupita la sufuria bila kuchemka. Ukifungua kifuniko, nguvu ile hutoka ghafula na maji huchemka papo hapo usoni pako. Gari likichemka, simameni, zimeni injini, ngojeni nusu saa au zaidi mpaka rejeta ishikike kwa mkono. Hata hapo, fungueni kwa kitambaa kinene, pole pole. Tena msimwage maji baridi ndani ya injini yenye moto, kwani chuma chaweza kupasuka.

Na kwa nini lilichemka? Tuliifungua rejeta tukakuta mirija yake imejaa magamba meupe kama ya ndani ya birika. Twajua sote kuwa maji ya visima vingi vya Kitui ni ya chumvi. Tuliyamimina maji hayo humo, kama walivyofanya wenye gari kabla yetu. Chumvi huganda, huziba mirija na kula chuma. Tena tuliona ya kuwa mtu alikwisha kuitoa thamostati, akidhani amelitibu gari. Bila thamostati injini huchelewa kupata moto wake, hula dizeli nyingi na huchakaa upesi, na ugonjwa wenyewe ungali pale pale. Dawa ni kuosha rejeta, kurudisha thamostati, na kutia kulanti iliyochanganywa na maji safi. Maji ya mvua kutoka katika tangi la paa ni bora mara nyingi kuliko ya kisima. Tazameni pia mipira ya maji na mkanda wa feni. Mpira uliovimba au kupasuka haungoji mwisho wa mwezi.

Mkiisha kuchemsha, chungulieni oili. Kijiti cha oili kikitoka na kitu kama chai ya maziwa, maji yameingia katika oili, na yawezekana gaskiti ya silinda hedi imekatika. Msiendeshe tena. Moshi nao husema. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni dizeli nyingi au hewa chache, na katika vumbi la kwetu sharti filta ya hewa ishukiwe kwanza. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikiisha kupata moto waweza kuwa maji yanayoingia ndani.

Kosa la tatu karibu litutie msibani. Tulikuwa tukitengeneza breki za nyuma. Gari lilisimama juu ya jeki peke yake, juu ya udongo. Mwenzetu mlinzi alikuwa amelala chini yake tangu asubuhi. Mkewe alimwita chai. Akatoka, akapangusa mikono. Kikombe hakijafika mdomoni, jeki ilizama udongoni, gari likaanguka mahali pale pale alipokuwa ameweka kifua. Hatukusema neno kwa muda mrefu. Ana watoto wanne.

Twasema hili kwa nguvu kuliko yote: jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulishikilia. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Wekeni stendi za chuma juu ya mahali pagumu, zibeni magurudumu yaliyo chini kwa magogo au mawe mbele na nyuma, sukumeni gari kwa mkono kuona kama linatikisika. Matofali hayafai, hupasuka bila onyo. Kazini twadai mwajiri afuate sheria ya usalama na afya ya mwaka 2007. Itakuwaje tumdai mwajiri, kisha nyumbani tujiue wenyewe kwa kukosa stendi?

Juu ya breki, pedali ikizama au ikiwa laini kama mkate, kuna hewa au pana uvujaji. Gari lisiende popote. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, kwa hiyo yabadilishwe kila miaka miwili au hivi. Juu ya tairi, someni tarakimu nne za mwisho katika alama ya ubavuni: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi yaweza kuonekana ina meno mazuri nayo imezeeka kwa jua, na nyufa zake huonekana ubavuni.

Jambo jingine latuhusu sisi na majirani. Oili iliyotumika isimwagwe shimoni wala mtoni. Hapa kwetu watu huchimba mchanga wa mto wakateka maji ya kunywa. Ukimwaga oili mchangani, umeimwaga katika mtungi wa jirani. Ikusanyeni katika dumu lenye kifuniko, mpelekee fundi au kituo kinachoipokea.

Tena jueni mpaka wenu. Kubadilisha oili, filta, betri, mipira na mikanda ya nje, hayo mtu mwangalifu aweza kuyafanya nyumbani. Pampu ya dizeli, usukani na silinda hedi ni kazi ya fundi. Na fundi alipwe haki yake. Yeye naye ni mfanya kazi, na sisi tunaopigania ujira wa haki hatuwezi kumpunja mwenzetu chini ya mwembe.

Bwana Mwenyekiti, hatukusimama hapa kwa hadithi tu. Wanachama wengi wa tawi hili wana magari kuukuu na pikipiki, na kila mtu hununua spana yake moja na jeki yake mbovu. Twaleta ombi mbele ya mkutano: tawi linunue kwa mchango sanduku moja la vyombo, yaani seti ya spana, mita ya umeme, jeki nzuri na stendi nne za chuma. Liwe chini ya karani, na kila anayeazima aandike jina na siku. Sisi sita tutatoa wa kwanza, na mlinzi wetu yule, ambaye chai ya mkewe ilimwokoa, amekwisha kuleta fedha za stendi mbili. Ziko mezani kwa mweka hazina.

Gari letu liko nje. Leo liliwaka mara ya kwanza. Mkitaka kulitazama karibuni, na daftari lake limo chini ya kiti, kila mtu asome.

Umoja ni nguvu.