TAA ZA LED: TUJUE TUNACHONUNUA
(Maneno ya Katibu mbele ya wanaushirika na wanakisomo)

Tumekutana leo kwa sababu ni mbalamwezi, dagaa hawafuati taa, na wavuvi wetu wako nyumbani.

Kwanza tujikosoe. Mwaka jana sisi Kamati tulitoa fedha ya ushirika tukanunua taa 12 za LED za kuvulia. Kabla ya miezi mitatu, 8 zilikuwa zimezimika. Wengine mkarudi kwenye karabai mkisema LED ni uongo. Taa si uongo, jamani. Sisi tulinunua bila kujua. Basi tujifunze.

Balbu ya zamani ina waya mwembamba ambao umeme unaupasha moto mpaka ung'ae. Sehemu kubwa ya umeme inapotea kwa joto, ndiyo maana ukiigusa unaungua. LED haina waya huo wala utambi. Ina punje ndogo yenye matabaka mawili: moja lina elektroni za ziada, la pili lina nafasi tupu. Umeme ukipita, elektroni zinaingia katika nafasi zile na kutoa mwanga. Ni mlango wa upande mmoja: ukigeuza waya za betri, punje haiwaki.

LED nyekundu ilipatikana mwaka 1962. Nyeupe ilichelewa mpaka Wajapani walipopata ya buluu yenye nguvu, miaka ya 1990. Watatu kati ya waliofanya kazi hiyo walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2014. Taa nyeupe ni punje ya buluu iliyopakwa dawa ya njano. Ikizimwa, mnaiona njano ile.

Faida yake? Balbu ya wati 60 na LED ya wati 9 mwanga wake unakaribiana. Wanakisomo, tupige hesabu: saa 4 kila usiku, siku 30. Balbu inakula uniti 7.2, LED uniti 1 na kidogo. Darasani tunasoma bila moshi wa koroboi. Baharini hatupigi pampu, hatununui mafuta ya taa, wala hatuogopi kioo kupasuka kikirukiwa na maji.

Sasa, zile 8 zilikufa kwa nini? Fundi alizifungua mbele yetu. Katika 5, punje zilikuwa nzima. Maji ya chumvi yaliingia na waya zikala kutu. Katika 3, punje ziliungua: zilifungwa kwenye betri yenye volti nyingi kuliko kipimo chake.

Kwa hiyo tunapendekeza:

1. Taa izamishwe katika ndoo ya maji ya chumvi usiku kucha, kisha iwashwe, ndipo tulipe.
2. Volti za taa na za betri zisomwe kwanza. Wanakisomo wanaweza kazi hii.
3. Mgongo wa taa uwe wa chuma na upate hewa, maana LED nayo hupata joto kwa nyuma, na joto huichakaza.
4. Betri mbovu zisitupwe ufukweni; zirudishwe ghalani.

Fedha hii ni jasho la akina mama wanaoanika dagaa juani. Hatuombi taa 12 tena. Tunaomba idhini ya taa 4 tu, tuzijaribu giza lijalo, halafu mtuulize.

Elimu haina mwisho.

Katibu, kwa niaba ya Kamati