Anayemfunza Askari, Naye Atazamwe

Haya ni maneno ya afisa mstaafu, aliyekuwa msimamizi wa wakufunzi wa makurutu, kwa wakazi waliokutana katika ukumbi wa kijamii wa Kaloleni.



Nimeombwa nieleze kazi niliyoifanya kabla ya kustaafu. Sikuwa mpelelezi. Kazi yangu ilikuwa kuwasimamia wakufunzi, yaani wale wanaowafunza makurutu. Runinga inapoonyesha gwaride la kufuzu kule Kiganjo, Embakasi, au chuo cha magereza cha Ruiru, sote tunamtazama kurutu. Leo nawaomba mmtazame mtu aliyesimama kando yake.

Mtaniuliza, hayo yanatuhusu nini sisi watu wa Eastlands? Askari atakayemsimamisha kijana wako saa tatu usiku pale Kayole alifunzwa na mtu. Afisa atakayempokea mwanao katika gereza la rumande la Industrial Area alifunzwa na mtu. Na askari wa kaunti, mnayemwita kanjo, anayemwendea mama mboga kando ya Jogoo Road, naye alifunzwa na mtu. Maji ya mfereji yakitoka machafu hatuufokei mfereji. Tunafuata bomba hadi yanakotoka.

Nitawasimulia kosa langu mwenyewe. Chuo sitakitaja. Nilikuwa na mkufunzi mmoja hodari sana. Kikosi chake kilipiga gwaride kama mtu mmoja, na kila mgeni alikisifu. Darasani alifundisha haki za mtu aliyekamatwa bila kuruka kipengele. Nilimpa alama za juu.

Siku moja kurutu alimwuliza swali ambalo hakulipenda. Darasani alinyamaza. Walipotoka nje alimzaba kofi mbele ya wenzake. Nilipata habari, nikamwonya kwa mdomo, nikaliacha hapo. Wiki kadhaa baadaye tulifanya zoezi la kukamata mshukiwa, na mshukiwa alikuwa mmoja wetu aliyejifanya tu. Akauliza, "Nimefanya nini?" Kurutu wa kwanza akamjibu kwa kofi. Hakuna somo la kofi kwenye mtaala wetu. Lakini alikuwa ameshafunzwa kwamba mtu mdogo akiuliza, hujibiwa hivyo. Siku hiyo nilielewa kwamba nilikuwa nimekagua gwaride na ubao, nikasahau kumkagua mwalimu. Kosa lile lilikuwa langu kabla halijawa la kurutu.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sisemi mafunzo yawe laini. Kurutu aamke kabla ya alfajiri, akimbie, achoke, ajifunze kutii. Ugumu wa aina hiyo una sababu, na mkufunzi anaweza kuieleza. Ukimwuliza mkufunzi sababu ya adhabu fulani naye hana jibu ila "hata sisi tulipitia", hapo ujue si mafunzo tena.

Basi msimamizi mzuri hufanya nini? Kwanza, huangalia anayeteuliwa. Ukufunzi usiwe mahali pa kumweka afisa aliyeshindikana kituoni. Pili, huketi nyuma ya darasa bila kutoa taarifa, kisha hufika mahali pasipo na ubao: uwanjani, bwenini, kwenye foleni ya chakula. Tatu, husoma daftari la zahanati. Makurutu wa kikosi kimoja wakiumia kuliko wa vikosi vingine, huuliza kwa nini. Nne, huhakikisha kurutu ana njia ya kulalamika isiyopitia kwa mkufunzi anayelalamikiwa. Tano, hutaka habari za mtaani zirudi chuoni. Kama malalamiko ya aina moja yanajirudia kituo baada ya kituo, kuna somo halikufundishwa, au lilifundishwa vibaya.

Haya si matakwa yangu tu. Katiba ya 2010, kifungu cha 244, inaitaka Huduma ya Taifa ya Polisi iwafunze maafisa wake wawe na ujuzi na uadilifu wa kiwango cha juu kabisa, na waheshimu haki na utu wa binadamu. Kifungu cha 49 kinasema aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoielewa. Kwa hiyo yule aliyeuliza "Nimefanya nini?" alikuwa na haki ya kujibiwa. Kifungu cha 51 kinamlinda aliye kizuizini au gerezani. Na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, katika jedwali lake la sita, inamtaka afisa ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Inasema pia kwamba amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Fikirini hapo. Kurutu aliyezoezwa kutii tu bila kufikiri atawezaje kuikataa amri mbovu siku itakapotolewa?

Sasa nanyi mna sehemu yenu. Ukidhulumiwa, andika tarehe, saa, mahali, na nambari ya afisa au ya gari ukiweza kuiona. Ukiumizwa, nenda hospitali kwanza, upige ripoti kituoni, upewe nambari ya OB na fomu ya P3. Malalamiko dhidi ya polisi yapelekwe IPOA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2011 kuwachunguza polisi. IPOA haishughulikii askari wa magereza wala wa kaunti. Kwa hao, nendeni kwa Ombudsman au kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, na kwa askari wa kaunti mnaweza pia kuanzia katika ofisi za kaunti yenyewe. Msiseme haisaidii. Lalamiko lisiloandikwa haliwezi kurudi chuoni kumrekebisha mtu.

Na mnapoitwa kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti, msiulize taa za mtaa na mitaro peke yake. Ulizeni pia: askari wetu wa kaunti wanafunzwa na nani, na anayewafunza hukaguliwa na nani? Swali hilo halihitaji wakili. Mama mboga anaweza kuliuliza, na anastahili jibu kuliko mtu yeyote.

Mwisho, nina neno kwa nyinyi vijana. Najua baadhi yenu mtakwenda kusajiliwa. Mkifaulu, siku moja huenda mkapewa kikosi mkifunze. Siku hiyo mtakumbuka jinsi mlivyotendewa, na mtakuwa na hiari ya kulipitisha kofi mbele au kuliacha likomee kwenu. Nawaombeni likomee kwenu.