Upepo wa Mpigaji: Mhadhara kuhusu Zana za Mkononi za Kupigia Wadudu



Mhandisi anapopewa uprofesa hutarajiwa azungumzie madaraja, mabwawa au reli. Mimi nimeomba nizungumzie kipigia nzi, kile kibao cha wavu chenye mpini mrefu, pamoja na mdogo wake wa umeme, raketi ya mbu, ambayo wamachinga huipitisha kwenye madirisha ya magari wakati wa foleni. Najua wapo waliosoma tangazo wakadhani mpiga chapa amekosea. Hakukosea.

Hoja yangu ni hii: ukitaka kuelewa zana yoyote ya mkononi inayotumika dhidi ya mdudu arukaye, uliza kwanza inafanya nini na hewa. Ipo zana inayoitaka hewa, ipo inayoikwepa, na ipo isiyoijali. Msanifu asiyejiuliza swali hilo ataunda kitu chenye sura ya zana tu.

Inayoitaka hewa ni mgwisho. Wengi wetu tunaukumbuka mkononi mwa Mzee Jomo Kenyatta, ukipunga juu ya umati, na kwa sababu hiyo tumeuweka kwenye fungu la alama za utawala tukasahau kwamba una kazi. Kazi hiyo imeazimwa kwa ng'ombe na farasi. Mwaka 2018 watafiti wa Georgia Tech, Marekani, wakiongozwa na Marguerite Matherne na David Hu, walipima mikia ya wanyama wakubwa. Waliona kwamba mkia unaopungwa huzalisha upepo wa mwendo wa kama mita moja kwa sekunde, unaokaribia mwendo wa mbu mwenyewe anaporuka. Mbu anayejaribu kutua ndani ya upepo huo anashindwa kuuvuka. Katika majaribio yao upepo wa aina hiyo ulipunguza mbu wanaotua kwa hadi nusu. Ng'ombe hana haja ya kulenga. Anatia upepo mahali ambapo mbu anataka kupita, basi.

Mgwisho ni hivyohivyo. Nywele zake nyingi na laini hazina nguvu ya kuua, wala hazikukusudiwa kuua. Ukitaka kuona jinsi usivyofaa kupigia, tazama Algiers mwaka 1827. Hussein, dei wa mji huo, alikasirishwa na majibu ya balozi mdogo wa Ufaransa, Pierre Deval, kuhusu deni la nafaka lililokaa miaka mingi bila kulipwa, akampiga kwa mgwisho wake. Balozi hakuumia. Ufaransa hata hivyo ilidai kwamba imevunjiwa heshima, ikaizingira bandari, na mwaka 1830 ikauteka mji. Algeria ilikaa chini ya Wafaransa hadi 1962. Wanahistoria wengi husema mgwisho ulikuwa kisingizio tu, nami nakubaliana nao.

Sasa nije kwa zana inayoikwepa hewa. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo usanifu ulipo.

Piga nzi kwa kiganja na utashindwa mara nyingi. Piga kwa gazeti lililokunjwa, utashindwa mara chache zaidi. Sababu ya kwanza ni macho yake. Jicho la nzi wa nyumbani hutenganisha mimuliko ya taa kama 250 kwa sekunde. Letu huishia karibu na 60. Mkono unaouona wewe kuwa wa haraka, yeye anauona ukija hatua kwa hatua. Sababu ya pili iligunduliwa na Gwyneth Card na Michael Dickinson wa Caltech mwaka 2008, kwa kamera za kasi na nzi wadogo wa matunda. Walidondosha kisahani cheusi chenye kipenyo cha sentimita 14 kuelekea kwa nzi aliyetulia, wakakuta kwamba kabla hajaruka, ndani ya takriban milisekunde 200, anapanga upya miguu yake na kuuegemeza mwili ili mruko wenyewe umpeleke mbali na hatari. Ukija kutoka mbele anajiweka tayari kurudi nyuma. Ukija kutoka nyuma, anajiweka tayari kwenda mbele. Uamuzi unafanyika akiwa bado amesimama. Ushauri wa Dickinson kwa mpigaji ulikuwa asilenge pale nzi alipo, alenge mbele kidogo, pale atakaporukia. Kazi za baadaye za Card zimeonyesha pia kwamba hatari ikija ghafla mno, nzi huacha maandalizi yote na kuruka ovyo, bila uthabiti.

Kwa hiyo mpigaji ana kama moja ya tano ya sekunde, pengine pungufu. Tufanye hesabu. Kifundo cha mkono kikizunguka robo duara katika moja ya kumi ya sekunde, ncha za vidole, zilizo kama sentimita 15 kutoka kwenye kifundo, zitakwenda kwa wastani wa mita 2.4 kwa sekunde. Ongeza mpini, ncha ifike sentimita 40, na mwendo unakuwa zaidi ya mita 6. Urefu umetupa kasi bila kumchosha mpigaji. Lakini urefu nao una gharama: uzito ulioko nchani huwa mgumu kuuzungusha kwa kipimo kinachokua kwa mraba wa umbali. Weka ubao mzito mwishoni mwa mpini mrefu na utapoteza mwanzoni mwa pigo chote ulichotarajia kukipata mwishoni. Hewa nayo inadai chake. Ukizidisha kasi mara mbili, ukinzani wake unapanda mara nne.

Jibu la matatizo yote haya ni kutoboa. Tarehe 9 Januari 1900, Robert R. Montgomery wa Decatur, Illinois, alipewa hataza ya Marekani ya kifaa cha kuulia nzi kilichotengenezwa kwa wavu wa waya uliofungwa kwenye mpini. Wavu ni mwepesi, kwa hiyo mpini unaweza kuwa mrefu. Wavu unapitisha hewa, kwa hiyo kasi haiibwi. Na wavu hausukumi mbele yake ule mto wa hewa ambao ungemtupa pembeni mdudu mwepesi kabla hajaguswa. Faida tatu kwa kuondoa kitu, bila kuongeza chochote. Sijui mashine nyingi katika mtaala wetu zinazoweza kujisifu hivyo.

Watu wengi husema matundu yapo ili nzi asiuhisi upepo. Maelezo hayo yana ukweli nusu. Nzi ana nywele zinazohisi hewa, lakini majaribio niliyoyataja yanaonyesha kwamba macho yake ndiyo yanayotangulia, na wavu anauona. Hata kama nzi asingekuwa na unywele hata mmoja, matundu bado yangehitajika kwa sababu ya uzito na ukinzani. Hilo wanafunzi wangu hulikosa kwenye mtihani kila mwaka.

Sifa nyingine ya wavu wa Montgomery ambayo haisemwi sana ni kunyumbuka. Kibao kigumu kikifika ukutani kimeinama kidogo, ukingo wake ndio unaotangulia, na sehemu iliyobaki inaacha nafasi ambamo nzi hupita. Kichwa kinachonyumbuka hujilaza chenyewe. Ndiyo maana plastiki ilipokuja ilichukua kazi hii bila kubadilisha umbo: ilinyumbuka kuliko waya, haikushika kutu, na ilioshwa kwa maji na sabuni.

Jina la Kiingereza la kipigia nzi lilitoka Kansas. Dk. Samuel Crumbine, katibu wa bodi ya afya ya jimbo hilo, alianzisha mwaka 1905 kampeni ya kuwahimiza watu wapige nzi, kwa kuwa alijua nzi wanabeba vijidudu vya homa ya matumbo kutoka chooni hadi mezani. Mwalimu wa shule katika mji wa Weir, Frank Rose, alichukua rula ndefu ya mbao na kipande cha wavu wa dirisha akamtengenezea kifaa. Rose alikiita gongo la nzi. Crumbine akakibadilisha jina. Montgomery alikuwa na hataza na Rose alikuwa na mabaki ya wavu, na wote wawili wakafika kwenye umbo lilelile. Hilo ndilo linalonifanya niamini kwamba umbo hili liliamuliwa na hewa yenyewe zaidi kuliko watu.

Lakini kipigia nzi kina udhaifu mkubwa: kinahitaji ukuta. Nzi anabanwa kati ya wavu na kitu kigumu. Mdudu aliye hewani hana kitu nyuma yake, na mbu, mwenye uzito wa miligramu mbili hivi, ndiye mgumu kuliko wote. Watafiti wa Wageningen, Uholanzi, waliochapisha matokeo yao mwaka 2024, walionyesha kwamba mbu wa malaria gizani hauogopi tu ule upepo unaotangulia pigo. Anautumia. Anaruka pamoja nao, na mkono wako wenyewe unamsaidia kutoroka. Kila aliyewahi kupiga makofi usiku akafungua viganja vitupu sasa anajua kilichotokea.

Hapo ndipo zana ya tatu ilipoingia. Mwaka 1996 Tsao-i Shih wa Taiwan alipata hataza ya Marekani ya kipigio cha umeme. Raketi haihitaji ukuta wala nguvu. Inataka mdudu apite tu. Ndani yake, betri ya volti chache huwasha transista na transfoma ndogo, kisha diodi na kapasita hupandisha volti hadi elfu moja, mbili, hata tatu. Hewa kavu huhimili kama volti 3,000 kwa kila milimita kabla cheche haijapita. Nyaya zikiwa zimeachana kwa milimita kadhaa, hakuna kinachotokea. Mbu akiingia kati, mwili wake unapunguza nafasi hiyo, cheche inapita, na tunasikia ule mlio unaowafurahisha watoto kupita kiasi.

Watoto ndio wanaonifanya nisiimalize habari ya raketi kwa sifa. Kapasita ya nanofaradi 22 iliyochajiwa hadi volti 2,000 inabeba kama jouli 0.044. Hiyo haiui mtu, ila inatosha kumfanya mtoto arushe kitu alichoshika au aanguke kutoka kitandani. Na chaji haiondoki kwa kuachia kitufe. Rezista moja ya megaomu 10, iliyounganishwa sambamba na kapasita, huimaliza kwa kama sekunde moja. Raketi nzuri inayo rezista hiyo, na ina nyavu tatu, mbili za nje zikilinda kidole na ya katikati ikibeba volti. Raketi mbaya ina wavu mmoja na haina rezista, na dukani zote mbili zinafanana rangi. Cheche hiyo pia haitakiwi karibu na dawa ya kupuliza, petroli au gesi inayovuja.

Wala isitumike juu ya chakula. Mwaka 2000 James Urban na Alberto Broce wa Kansas State, jimbo lilelile la Crumbine, walionyesha kwamba nzi wanaochomwa na mitego ya umeme hutawanya bakteria na virusi vilivyokuwa mwilini mwao. Walichunguza mitego ya kutundika, lakini sioni sababu ya cheche ya mkononi kuwa na adabu zaidi.

Nisizidishe thamani ya zana ninayoisifu. Mbung'o ana ngozi ngumu na mwili bapa. Pigo linaloua nzi wa nyumbani yeye hulistahimili. Anayetaka kumpunguza hutumia mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi. Kule Kongwa, Dodoma, ambako trakoma, ugonjwa wa macho unaoenezwa pia na nzi, imechunguzwa kwa miongo kadhaa, kilichopimwa ni kunawa uso, dawa na vyoo. Hakuna aliyefikiria kugawa vibao vya wavu. Na mbu wa malaria huuma sana wakati mwenye raketi amelala. Chandarua chenye dawa hakina mbadala.

Hata hivyo, raketi zinanunuliwa. Karibu zote zinatoka nje, nyingi kutoka China, na zikiharibika hutupwa pamoja na betri zake kwa kuwa hazikuundwa zifunguliwe. Tunahitimisha wahandisi wa umeme kila mwaka ambao wanaweza kuichora saketi hiyo ubaoni kwa dakika tano, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuombwa aiboreshe. Nadhani tumewafundisha kwamba kitu kidogo si kazi ya msomi.

Kwa wanaosimamia viwango, ombi langu ni jepesi: pimeni chaji inayobaki baada ya kitufe kuachiwa, na zikataeni raketi zenye wavu mmoja. Kwa idara yangu, naomba zoezi la usanifu la muhula ujao liwe raketi ya mbu inayofunguka kwa bisibisi ya kawaida, yenye betri inayobadilishika, na inayopoteza chaji yake ndani ya sekunde moja. Vipuri vyote vinavyohitajika vinapatikana Kariakoo.