Nyumba Hufa Miguuni

  Leo sitawapeleka nchi za mbali. Nataka tuzungumze juu ya kiambaza kilicho nyuma ya mgongo wako, yaani nyumba yako mwenyewe. Tuone kwa nini nyumba nyingi za udongo huanguka kabla ya wakati wake, na mtu asiye na fedha nyingi afanye nini ili yake idumu.

Mimi ni mwalimu wa chuo cha walimu, wala si fundi wa kujenga. Haya nitakayosema sikuyapata katika kitabu kwanza. Niliyapata kwa hasara.

Nilipooa nilijenga nyumba huku kwetu Bonde, si mbali na Muheza. Nilikuwa na haraka, kama vijana wote. Nilichagua mahali penye kivuli chini ya kilima, nikachimba mashimo, nikasimamisha nguzo, nikafunga fito, majirani wakaja kukandika udongo, nasi tukahamia kabla udongo haujakauka sawasawa. Mwaka wa kwanza kila aliyepita aliisifu. Mwaka wa pili rangi ya udongo chini ya kiambaza ilianza kugeuka kuwa nyeusi, nami nikasema moyoni, "Ni unyevu tu." Mwaka wa tatu, katikati ya masika, usiku, tulisikia kishindo. Kiambaza cha upande wa kilima kilikuwa kimelala juu ya kitanda cha mwanangu wa kwanza. Mtoto hakuwamo. Jioni ile alikuwa na homa, na mama yake alikuwa amemchukua alale naye. Mpaka leo nikikumbuka kitanda kile, mikono hunitetemeka.

Asubuhi alikuja mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, kunipa pole. Nilimwambia, "Shikamoo, mzee. Tazama mvua ilivyonitenda." Aliitikia, akaketi, akachomoa kisu, akakichoma katika nguzo iliyoanguka, inchi chache chini ya mahali ilipotoka ardhini. Kisu kiliingia mpaka mpini. Ndani mlikuwa na udongo mtupu na mchwa. Akaniambia, "Mwalimu, mwanangu, usiisingizie mvua ya jana. Nyumba yako ilikuwa maiti tangu mwaka jana. Nyumba haifi kichwani, hufa miguuni."

Maneno hayo ndiyo mazungumzo yangu yote ya leo. Watu wengi wakiwa na fedha kidogo hufikiri juu ya paa, mlango na rangi, maana ndivyo vitu vionekanavyo. Lakini adui wa nyumba ya udongo ni wawili, nao wote wawili huanzia chini: maji na mchwa.

Kwanza tuyatazame maji. Maji huipiga nyumba kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni yale yatiririkayo kutoka mlimani na kusimama kando ya ukuta. Ya pili ni matone yaangukayo kutoka mchirizi wa paa. Yanapopiga ardhi huruka tena na kuupiga ukuta kiasi cha futi moja kwenda juu, na kila mvua huchukua udongo kidogo, mpaka ukuta unakuwa mwembamba chini na mnene juu. Ya tatu haionekani kwa macho. Maji hupanda ndani ya udongo kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa. Mwanafunzi aweza kuyaona haya kwa kusimamisha bonge la udongo mkavu katika sahani yenye maji kidogo: baada ya muda mfupi unyevu utapanda juu ya maji, na bonge litalegea na kumomonyoka.

Adui wa pili ni mchwa. Mdudu huyu ana mwili laini, naye huogopa jua na ukavu. Kwa sababu hiyo hatembei wazi. Hujenga njia yake ya udongo, nyembamba kama kidole, akapita ndani yake. Hupenda mti ulio ndani ya ardhi yenye unyevu, kwa kuwa hapo anapata chakula, maji na giza pamoja. Basi mtu achimbiaye nguzo laini ardhini na kuacha maji yasimame hapo, amemwandalia mchwa karamu.

Sasa tuje kwenye dawa. Ya kwanza haigharimu hata senti: chagua mahali. Jenga palipoinuka kidogo, si bondeni. Kabla ya kuchimba shimo la kwanza, nenda kapatazame mahali hapo wakati mvua inanyesha, uone maji yanapita wapi. Kama huna budi kujenga penye mteremko, chimba mfereji upande wa juu, mbali na ukuta hatua tatu au nne, uyazungushe maji yapite kando. Na kazi ya ujenzi ianze masika yakiisha, ili udongo upate miezi ya jua kabla ya mvua nyingine.

Dawa ya pili ni msingi wa mawe. Chimba mpaka uifikie ardhi ngumu, kisha jenga mawe kwa kuyafumanisha, jiwe moja likikalia maungio ya mawili yaliyo chini yake, mpaka msingi utokeze juu ya ardhi futi moja na nusu. Nguzo zisiingie ardhini. Laza mti mnene juu ya msingi, usimamishe nguzo juu ya mti huo, na katika kila pembe tia mti wa mshazari ili nyumba isiyumbe kwa upepo. Ukijenga kwa matofali mabichi, anza pia juu ya mawe hayo. Mtaniuliza, "Sisi kwetu hakuna mawe." Vema, chomeni matofali ya kutosha safu za chini tu. Tofali lililochomwa vizuri huingiwa na maji, lakini haliyeyuki kama lile bichi.

Huku pwani ushahidi tunao. Pale Tongoni, kusini mwa Tanga, yako magofu ya msikiti na makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa zaidi ya miaka 500 iliyopita. Paa zimekwisha kuanguka zamani, lakini baadhi ya kuta zingali zimesimama. Sisemi kila mtu ajenge kama wale. Nasema tujifunze kwao kwamba kilicho chini kikiwa imara, vya juu vyaweza kutengenezwa tena.

Dawa ya tatu ni mchirizi mrefu. Paa litokeze nje ya ukuta futi mbili na nusu au tatu. Paa la makuti au la nyasi lataka kusimama wima kiasi, ili maji yateremke upesi. Kanuni yake ni rahisi: kilele kiinuke juu ya mtambaapanya kwa kadiri ya nusu ya upana wa nyumba. Nyumba yenye upana wa futi 12, kilele chake kiwe futi 6 juu ya kuta. Na chini ya mchirizi jenga baraza ya mawe. Wazee wa pwani waliijenga baraza ili wageni wapate pa kukaa, lakini ina kazi nyingine pia: matone huipiga baraza, wala hayaupigi ukuta.

Dawa ya nne ni mti wenyewe. Ondoa ganda lote, na uache ukauke kabla ya kuutumia. Kiini cha mninga na cha mvule humshinda mchwa kwa muda mrefu. Mti mweupe na laini hauwezi. Na kama una madebe ya zamani, yakunjue, uyalaze juu ya msingi kabla ya mti wa kulalia, kingo zake zitokeze inchi mbili pande zote na kupinda chini. Bati hilo halimwui mchwa. Lakini humlazimisha ajenge njia yake kwa nje, mahali unapoiona, nawe uivunje.

Nasema pia neno juu ya udongo wenyewe, nanyi wanafunzi lishikeni, maana mwaweza kuwasaidia baba zenu. Twaa chupa yenye mdomo mpana, tia udongo mpaka theluthi, jaza maji, tikisa sana, kisha iweke. Mchanga utashuka mara moja. Udongo laini utashuka baada ya saa nyingi. Asubuhi pima matabaka. Mchanga usipungue nusu. Kisha fanya kijisanduku cha mbao, urefu wake inchi 24, upana na kina inchi moja na nusu, ukipake mafuta ndani, ukijaze udongo uliolowa, ukiache siku tatu juani. Udongo utasinyaa. Usukume wote upande mmoja, upime pengo. Likizidi inchi moja, basi ni udongo wa mfinyanzi mno, utapasuka ukutani. Ongeza mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, upime tena.

Labda yuko anayesema, "Mwalimu, mimi nimekwisha kujenga, wala sina nguvu za kubomoa." Usibomoe. Chimba mfereji. Zungushia ukuta baraza ya mawe. Ondoa kuni na takataka zilizoegemea ukutani, kwa kuwa ndizo ngazi za mchwa. Kila mwezi zunguka nyumba yako na kisu mkononi, uzichome nguzo chini, uvunje kila njia ya mchwa. Nguzo iliyooza uibadilishe kabla ya masika. Kazi hii ni ya robo saa, nami kama ningaliifanya mwaka ule, kitanda cha mtoto wangu kisingalifunikwa na udongo.

Na nyufa? Mmeandika mara nyingi katika madaftari yenu, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Leo isikieni methali hiyo kwa maana yake ya kwanza. Katika nyufa za sakafu na kuta za udongo hukaa papasi. Mchana hujificha, usiku hutoka na kuwauma waliolala, naye aweza kuwaambukiza homa inayokwenda na kurudi. Madaktari wawili, Joseph Dutton na John Todd, waliichunguza homa hii katika Kongo ya mashariki, wakaonyesha kwamba papasi ndiye anayeichukua. Mwaka 1905 Dutton mwenyewe alikufa huko kwa homa hiyohiyo. Kwa hiyo ufa wa ukutani si aibu ya nyumba tu. Siriba kuta kila mwaka baada ya mvua, na sakafu uishindilie iwe ngumu, bila nyufa.

Najua neno gumu ni kazi. Mawe ni mazito, na mtu mmoja huchoka. Lakini sisi tunajua kukusanyika siku ya kukandika, tukala wali na kucheka mpaka jioni. Kwa nini tusikusanyike pia siku ya mawe? Watu kumi wakibeba mawe kwa msaragambo, leo kwa huyu, kesho kwa yule, msingi mmoja hauwi mzigo. Nyumba yangu ya pili ilijengwa hivyo. Yule mzee ndiye aliyeshika timazi, akanikataza kusimamisha hata nguzo moja mpaka yeye mwenyewe akanyage msingi wote, pembe kwa pembe. Nilikasirika siku ile, maana nilitaka kumaliza.

Masika mengi yamekwisha pita juu ya nyumba ile. Paa nimelibadili, mlango nimeubadili, lakini msingi sijaugusa. Mwanangu sasa ana urefu kunishinda, na kila mwisho wa mwezi ni yeye azungukaye nyumba na kisu.

Basi, wasikilizaji, kesho asubuhi kabla hamjakwenda shamba, kila mtu achukue kisu, ainame, aichome nguzo yake chini kabisa. Kisu kikigonga, mshukuru Mungu, ukaenda zako. Kikizama, usingoje masika.